Maswali ya wasomaji: Niliingiaje kwenye utafiti wa afya ya akili ya polisi, na mengine mliyouliza

Toleo lililopita niligusia tu kwamba mi ni mtu wa afya ya jamii na kazi yangu sa hizi ni kutafiti sera za afya ya akili ndani ya majeshi ya polisi, sikueleza zaidi ya hapo. Barua na meseji zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyotegemea, na nyingi zimetoka kwa askari wenyewe na watu wa majumbani kwao. Siwezi kuzijibu zote. Nimechagua sita, majina nimeyatoa na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Naanza na moja ambayo haikuuliza chochote kuhusu utafiti, ila haiwezi kusubiri.

SWALI: Habari Dokta. Mume wangu ni askari, tumeishi muda mrefu na hakuwa hivi. Tangu alipotoka kwenye tukio moja baya kazini halali, akilala anashtuka anapiga kelele, watoto wakiangusha kitu anaruka. Pombe imezidi. Juzi akasema "nyie mtapumzika siku nikiondoka" nikamuuliza unaenda wapi akanyamaza. Silaha anarudi nayo nyumbani mara nyingine. Nikienda kuwaambia kazini kwake naogopa atafukuzwa, nisipoenda naogopa zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na nashukuru umeandika. Mi sio daktari wa magonjwa ya akili, ni mtafiti, lakini hayo maneno ya "nikiondoka" usiyapite. Muulize, tena leo, tena kwa maneno yenyewe, "unafikiria kujiua?" Najua unaogopa kwamba ukimuuliza hivyo ndo unampa wazo, watu karibu wote wanaogopa hivyo, ila tafiti zimeliangalia hilo na hazijaona kwamba kuuliza kunaongeza hatari, na wapo wanaopata nafuu kuona hatimaye kuna mtu amethubutu kuuliza. Akikubali, au akikataa huku moyo wako unakwambia vingine, usimwache peke yake na umpeleke hospitali yoyote yenye huduma ya afya ya akili. Sio lazima iwe hospitali ya jeshi lao.

Silaha ndo jambo la haraka kuliko yote. Lazima itoke ndani ya nyumba, na usijaribu kumnyang'anya mwenyewe kwa nguvu. Tafuta mwenzake wa kazini anayemheshimu na kumwamini, mmoja tu, aje wazungumze na aondoke nayo kwa utaratibu wao au abaki nayo kituoni. Nasisitiza hivi kwa sababu wimbi la kutaka kujiua mara nyingi linapanda ghafla na baada ya muda linashuka, na mtu ambaye wakati limepanda hakuwa na bunduki karibu ana nafasi kubwa ya kuwa hai likishashuka. Huko kushtuka, kukosa usingizi, kukwepa kuongea, pombe kuzidi baada ya tukio baya, vyote ni dalili zinazojulikana za msongo unaofuata kiwewe na vina matibabu yanayofanya kazi, watu wanapona na wanarudi kazini.

Kuhusu kufukuzwa, sitakudanganya, taratibu za majeshi zinatofautiana na hofu yako ina msingi. Ila leo kazi iwe jambo la pili. Na ujue kwamba hiyo hofu yako, ya mke kushindwa kuchagua kati ya mkate wa nyumba na uhai wa mumewe, haikutoka kichwani mwako, imetengenezwa na kanuni zilizoandikwa na watu na zinaweza kuandikwa upya. Ndo kitu chenyewe ninachokitafiti.

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa mwisho afya ya jamii. Wenzangu wote wanakwenda kwenye chanjo, lishe, magonjwa ya kuambukiza. Wewe ulifikaje kwa polisi? Na hii kweli ni afya ya jamii au ni saikolojia mmeichukua tu?

JIBU: Marahaba. Nilianzia mbali kidogo, kwenye usingizi. Nilikuwa nasomea afya ya wafanyakazi na nilichotaka kujua ni kazi za usiku zinaufanyaje mwili, moyo, sukari, usingizi, kwa watu kama wauguzi na madereva na walinzi. Polisi hawakuwa hata kwenye orodha yangu. Sasa katika kusoma kazi za wenzetu nikakutana na utafiti uliotoka 2011 wa askari 4,957 wa Marekani na Kanada, ambapo asilimia 40.4 walionekana kuwa na dalili za angalau tatizo moja la usingizi, wengi wao lile la pumzi kukatika usiku. Namba yenyewe ni kubwa lakini kilichonikamata ni kilichofuata, kwamba wale wenye tatizo waliripoti zaidi kusinzia kwenye usukani, kufanya makosa makubwa ya kikazi, na kupandwa na hasira wasizoweza kuzizuia mbele ya raia na watuhumiwa. Hapo nikaona kitu ambacho kwa wauguzi sikukiona kwa namna hiyo, uchovu wa mfanyakazi unaishia kwenye mwili wa mtu mwingine ambaye hana hata habari kwamba askari huyu hajalala.

Kutoka hapo nikaanza kusoma kila nilichokipata. Buffalo, jimbo la New York, kuna mtafiti anaitwa John Violanti ambaye alikuwa askari wa jimbo zaidi ya miaka 20 kabla hajawa mwanazuoni, na yeye na wenzake wamewafuatilia polisi wa mji ule kwa miaka mingi sana, mamia ya askari, wakapima homoni za msongo, mishipa ya damu, usingizi, sonona, vyote kwa mtu mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni saikolojia nakwambia angalia hiyo kazi, mawazo na mishipa ya damu viko kwenye jedwali moja, ni afya ya jamii kabisa.

Na kuna tofauti ya swali lenyewe. Geoffrey Rose, mtaalamu wa epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kwa watu) wa Uingereza, aliandika 1985 kwamba kuuliza kwanini mtu huyu anaumwa ni swali moja, na kuuliza kwanini watu hawa kwa ujumla wana ugonjwa mwingi kuliko wale ni swali jingine, na majibu yake yanaweza yasifanane kabisa. Mshauri nasaha anakaa na askari mmoja na anatakiwa aulize la kwanza. Mi nauliza la pili. Vituo viwili, kazi ileile, hatari zilezile, kwanini kimoja watu wanaanguka na kingine wanasimama? Ukienda na swali hilo huwezi kuridhika na jibu la "huyu ni dhaifu" kwa sababu udhaifu wa mtu mmoja mmoja hauwezi kukusanyika wote kituo kimoja.

Ukiwauliza askari wenyewe kinachowaumiza, wengi wanaotazama kutoka nje wanategemea kusikia maiti, risasi, ajali. Vipo, na vinaumiza kweli. Lakini McCreary na Thompson, watafiti wa Kanada, walitengeneza madodoso mawili 2006, moja la misukosuko ya kazi yenyewe ya doria na moja la misukosuko inayotokana na taasisi, kila moja na vipengele 20, na utenganisho huo umesaidia sana kwa sababu tafiti nyingi zinaonyesha hili la pili lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mkuu asiyesikiliza, upendeleo kwenye kupandishwa cheo, ratiba inayobadilishwa usiku wa kuamkia zamu, likizo inayofutwa, adhabu isiyoeleweka, makaratasi, kufuatiliwa kwenye kila kosa na kusahauliwa kwenye kila jema. Hayo hayatibiwi kwa dawa wala kwa kukaa na mshauri saa moja, yanatibiwa kwa kubadilisha namna kazi inavyoendeshwa, na hiyo ni sera.

Hatua ya mwisho ya kunitoa kwenye kuhesabu kunipeleka kwenye sera ilikuja pale tulipopeleka matokeo kwa jeshi moja, wakapokea vizuri tu, wakaweka mshauri nasaha, chumba kizuri, mlango una bango. Hakuna aliyeingia. Nikaomba kusoma kanuni zao za utumishi ndo nikaelewa, kanuni ilikuwa inasema askari akigundulika na tatizo la akili anarudisha silaha na anaondolewa kwenye orodha ya zamu, na haikusema popote atarudishwa vipi. Nani ataingia mlango huo? Aliyefikiria kuweka mshauri hakuzungumza na aliyeandika kanuni, labda hawakukutana hata siku moja, na hapo ndo nikaona sehemu ya mtu kama mimi kukaa.

SWALI: Mimi ni askari, miaka mingi kazini. Walikuja watafiti kituoni kwetu na madodoso, wakasema ni siri, msiandike jina. Lakini ndani wanauliza umri, jinsia, cheo, miaka ya kazi, na kituo. Kwa cheo changu hapa kituoni mwanamke ni mimi peke yangu. Hiyo ni siri gani? Na mkuu ndo alitukusanya akasema kajazeni.

JIBU: Afande, umeliona vizuri kuliko wengi waliosomea. Ukiweka pamoja jinsia, cheo na kituo umeshaandika jina, hata kama sehemu ya jina iko wazi. Watafiti makini wanajua hilo na wana namna za kulizuia, umri unaulizwa kwa makundi makubwa, vyeo vinaunganishwa kuwa viwili vitatu, kituo kinapewa alama au hakiulizwi kabisa, na kwenye ripoti hakuna jedwali linaloonyesha kundi la watu wachache ambao mtu anaweza kuwanyooshea kidole. Dodoso linajazwa kwenye simu yako au linaingia kwenye bahasha unayoifunga mwenyewe na kumpa mtafiti, sio linapita mezani kwa mkuu.

Hilo la pili ulilosema mi naliona zito zaidi. Ridhaa kwenye utafiti lazima iwe ya hiari, na kwenye jeshi hiari ni kitu kigumu kwa sababu mkuu akisema "kajazeni" hiyo ni amri hata kama alikuwa na nia njema. Una haki ya kukataa, una haki ya kuruka swali lolote, una haki ya kuacha katikati, na una haki ya kuuliza kamati gani ya maadili imepitisha utafiti huo na kuwapigia. Sisi kwenye kazi zetu wakuu tunawaomba watoke nje ya ukumbi kabla hatujaanza kueleza, na karatasi tupu inarudi kwenye bahasha sawa na iliyojazwa ili asijulikane aliyekataa. Wapo wakuu wanaokasirika. Tunawaeleza kwamba majibu ya mtu anayeogopa hayana faida hata kwao, maana mtu huyo atajaza "sijambo" kila mstari na wao wataondoka wakiamini kituo kizima ni kizima.

Na hofu yako sio ya kwako peke yako. Eneo la Dallas-Fort Worth, Texas, walifanya utafiti wa askari 434, ukatoka 2020. Asilimia 12 walikuwa wameshawahi kuambiwa na daktari kwamba wana tatizo la afya ya akili, lakini walipopimwa kwa madodoso asilimia 26 walionekana kuwa na dalili wakati huo huo. Kati ya hao wenye dalili ni asilimia 17 tu waliokuwa wametafuta huduma ndani ya miezi 12 iliyopita! Walipokaa na askari kwa vikundi kuuliza kwanini, yakatoka mambo manne, mtu hatambui kwamba anaumwa, haamini kwamba siri itatunzwa, anaona mshauri wa nje hataielewa kazi yake, na anaogopa kuonekana hafai tena kazini. Mawili katika hayo manne, siri na kuonekana hafai, hayapo kwenye kichwa cha mgonjwa, yapo kwenye karatasi za taasisi. Nikikutana na mtu anasema "polisi hawapendi kusaidiwa" namrudisha hapo.

SWALI: Nasema wazi. Kwanini mnahangaika na akili za polisi wakati wagonjwa wa akili mtaani ndo wanaopigwa na hao hao polisi? Ndugu yangu ni mgonjwa, alichukuliwa amefungwa kamba kama mhalifu. Hao wagonjwa nani anawatafiti?

JIBU: Pole kwa ndugu yako, na hasira yako ni haki. Mtu mgonjwa hakupaswa kufungwa kamba. Wanaotafiti upande huo wapo na mi nasimama nao, chama cha wataalamu wa afya ya jamii cha Marekani kilitoa tamko 2018 kwamba ukatili wa polisi ni suala la afya ya jamii, na kwangu hilo sio jambo la kubishania.

Historia yake inafaa uijue. Memphis, Tennessee, 1987 polisi walimpiga risasi wakamuua kijana aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Mji uliwaka, na 1988 polisi, familia za wagonjwa, na watu wa vyuo vikuu wakakaa pamoja wakaanzisha utaratibu wa kuwa na askari waliojitolea na kufunzwa saa 40 namna ya kumkabili mtu aliyechanganyikiwa bila kumuumiza na kumpeleka kwenye matibabu badala ya mahabusu. Utaratibu huo umesambaa sehemu nyingi. Tafiti zinaonyesha unabadilisha uelewa wa askari na mtazamo wao kwa wagonjwa, ila kwenye swali ambalo wewe ungeliuliza, je watu wanapigwa kidogo zaidi, ushahidi wake ni dhaifu zaidi, na mafunzo peke yake bila hospitali inayompokea mgonjwa usiku ule hayafiki mbali. Eugene, Oregon, walikwenda njia nyingine 1989, simu za namna hiyo zikawa zinajibiwa na mhudumu wa afya na mtu wa ustawi wakiwa hawana silaha. Uingereza, polisi wa Humberside walianza 2020 utaratibu wa kwamba simu ya mgonjwa iende kwa mtu wa afya kama hakuna uhalifu wala hatari kubwa, na 2023 ukawa makubaliano ya nchi nzima ya England. Nao una wakosoaji wake, maana polisi wakijitoa kabla huduma ya afya haijawa tayari mgonjwa anabaki bila mtu yeyote.

Sasa unauliza kwanini basi niwaangalie polisi. Kwa sababu naamini ni tatizo moja lenye ncha mbili. Yule askari wa utafiti wa 2011 asiyelala ndo huyohuyo anayeitwa saa tisa usiku kwa ndugu yako. Kusema hivyo hakumpunguzii lawama, aliyempiga mgonjwa awajibishwe, na ugonjwa wake usitumike kama kinga mahakamani wala mbele ya familia. Lakini kama kila mwaka unawajibisha mmoja na taasisi inaendelea kuzalisha wengine waliochoka vilevile, ndugu yako hayuko salama zaidi.

SWALI: Ninaongoza kikosi. Baada ya tukio kubwa huwa tunawakusanya askari wote siku hiyohiyo, kila mmoja anaeleza alichoona na alivyojisikia, mshauri yupo. Ni lazima kwa wote. Je inatosha au kuna la kuongeza?

JIBU: Mkuu, nia yenu ni nzuri na wengi duniani wamefundishwa hivyo tangu miaka ya 1980. Lakini naomba muache kuilazimisha. Mapitio makubwa ya majaribio yaliyotolewa 2002 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yaliona kikao kimoja cha kumfanya mtu asimulie hivyo mara tu baada ya tukio hakizuii msongo wa kiwewe, na kulikuwa na dalili kwamba kinaweza kuwadhuru baadhi ya watu, na walipendekeza kulazimisha watu kukoma. Nafikiri ukikaa ukitafakari utaona kwanini, askari aliyeona mambo mabaya anasikilizishwa mengine kumi aliyoyaona mwenzake, mbele ya mkuu wake, wakati mwili bado unatetemeka.

Kinachofaa siku hiyo ni kidogo tena cha kawaida: watoke eneo la tukio, wale, wapumzike, wapigiwe simu nyumbani, waambiwe dalili gani ni za kawaida kwa siku kadhaa na zipi sio, na anayetaka kuzungumza awe na mtu wa kuzungumza naye. Alafu mtu awe na jukumu la kuwafuatilia, sio siku hiyo tu, hata mwezi mmoja baadaye, kwa sababu wengi watapona wenyewe na wachache watabaki na dalili na hao ndo wanaohitaji tiba yenyewe ya kiwewe kwa mtaalamu. Majeshi mengi siku ya kwanza yanafanya mengi sana na wiki ya tano hakuna anayeuliza.

Kuongeza, ndiyo yapo ya kuongeza, na hapa nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu wewe una kalamu. Angalia polisi wa Montreal, jimbo la Quebec, Kanada. Walianza 1997 mpango wa kuzuia kujiua, mafunzo kwa askari wote, mafunzo ya ziada kwa wasimamizi na viongozi wa chama chao, simu ya msaada inayopokelewa na polisi wenzao waliofunzwa, na kampeni ndani ya jeshi. Tathmini iliyotoka 2012 ililinganisha miaka ya kabla na miaka 12 ya baada, vifo vya kujiua vikashuka kwa asilimia 79, kufikia kama 6.4 kwa kila askari 100,000 kwa mwaka, wakati kwa polisi wengine wa Quebec havikushuka, vilikuwa 29. Lile sio jaribio la kupiga kura nani apate nani asipate, jeshi ni moja na idadi za vifo ni ndogo, kwa hiyo siwezi kukuahidi namba hiyo kwako. Ila ona walichofanya, hawakumfuata mgonjwa, walimfuata kila mtu, pamoja na chama.

Ratiba ni yako pia. Detroit na Arlington, Marekani, walifanya jaribio la kweli la kuwagawa askari kwa bahati kwenye zamu za saa 8, 10 na 12, ripoti ikatoka 2011. Wa saa 10 walilala zaidi ya nusu saa kwa siku kuwazidi wa saa 8 na ovataimu ikapungua, wa saa 12 walikuwa wakisikia usingizi zaidi wakiwa kazini. Bado kuna mengine unayoweza kufanya bila bajeti kubwa. Anayempa askari tiba asiwe ndo anayeandika kama anafaa kazi, ni watu wawili tofauti na mafaili mawili tofauti. Askari aruhusiwe kukabidhi silaha kwa muda kwa hiari yake bila kuandikiwa kosa. Na kanuni iseme wazi anarudije, nani anaamua, ndani ya muda gani, na cheo chake kinalindwaje. Usipoandika njia ya kurudi, askari wako wataendelea kuficha.

SWALI: PhD ni lazima? Nisome nini, na ofisi za polisi zinafunguliwaje? Nimeandika barua tatu hawajajibu.

JIBU: PhD sio lazima kuanza, unaweza kuingia na shahada ya uzamili kama mchambuzi wa data. Shika epidemiolojia na takwimu vizuri, programu ya R ni ya bure, na jifunze pia mahojiano ya kina kwa sababu askari hasemi ukweli kwenye kisanduku cha ndiyo na hapana. Madodoso yajue kwa undani, PHQ-9 ya sonona, GAD-7 ya wasiwasi, PCL-5 ya kiwewe, na usitumie tafsiri ambayo haijajaribiwa kwa watu unaowapima. Anzia na mapitio ya 2020 yaliyokusanya tafiti 67 za polisi 272,463 kutoka nchi 24, yakapata sonona kwa asilimia 14.6 na msongo wa kiwewe asilimia 14.2. Utaona na sehemu za dunia ambazo hazina karibu chochote, huko ndo kazi ilipo. Kumbuka pia kwamba anayeumwa sana ameshaacha kazi au yuko likizo ya ugonjwa siku unayopita na madodoso, kwa hiyo unaowapima ni waliobaki, na namba yako itakuwa ndogo kuliko hali yenyewe.

Kuhusu barua, barua ya kuomba "kutafiti afya ya akili" inamtisha anayeipokea, anaona kashfa tu. Mi milango ilifunguka nilipoomba kuangalia usingizi na ajali za magari ya doria, jambo ambalo wao wenyewe lilikuwa linawasumbua, na lilikuwa swali langu la kweli, sikuwaficha kitu, nikawaeleza tangu mwanzo kwamba na sonona nitaipima. Nenda pia kwa chama cha askari kama kipo, kwa wastaafu, kwa kitengo cha ustawi. Wastaafu wanaongea. Na kabla hujapokea data hata mstari mmoja pata makubaliano ya maandishi kwamba matokeo utayachapisha hata yakiwa mabaya, wao wapewe muda wa kuyasoma na kurekebisha makosa ya ukweli, lakini wasiwe na uwezo wa kuyazuia. Wakikataa kusaini hilo, tafuta jeshi jingine.